Mlima Una Wenyewe

Wanangu mnaoanza kazi ya kupandisha wageni Usambara, ninawaona pale Mombo. Mmeegesha Noah na Costa kando ya barabara kuu ya Tanga na Moshi, fulana zina jina la kampuni, simu iko mkononi, mnahesabu wageni wasipungue. Inanifurahisha sana. Nilipoanza kushika usukani kwenye mlima huu, sisi vijana wa hapa tulikuwa madereva tu. Maelezo yote yalitoka kwa mtu mwingine aliyekaa kiti cha mbele, na mara nyingi aliyoyasema hayakuwa ya kweli, nasi tulinyamaza. Leo nyinyi ndio mnaoendesha, mnaoeleza na mnaopokea fedha. Kwa hiyo na lawama zote zitakuwa zenu, na ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Neno langu kubwa ni moja. Kila mahali mnapompeleka mgeni pana mwenyewe. Maporomoko yana watu wanaoyanywa maji yake. Monasteri ni nyumba ya watu wanaosali. Hata ile kona mnayopenda kusimama mpigwe picha, chini yake kuna mama amepanda maharage, na mawe mnayoyasukuma kwa miguu yanamwangukia. Mengine yote nitakayowaambia yanatoka hapo.

Nianze na barabara, maana wengi wenu mnaiona kama kitu cha kumaliza upesi ili safari ianze. Safari imekwisha kuanza. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini katika hizo unapanda karibu mita 1,000: unaacha joto la mashamba ya mkonge huku chini, unaingia kwenye baridi ya migomba na mikahawa, na masikio yanaziba njiani. Njia hii ilichongwa ubavuni mwa korongo enzi za Wajerumani, wakati Lushoto ikiitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaiser wao, nao wakiutaka mlima kwa sababu ya ubaridi wake. Mwamba uko upande mmoja, shimo upande wa pili, na upana wake hauna ukarimu.

Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Mmelisikia neno hili tangu chuo cha udereva, lakini ninasikia harufu ya breki zenu kila Jumapili jioni mkiteremka. Msitoe gia ili kuokoa mafuta. Breki ikishapata moto hairudi mpaka ipoe, na mlima haukungojei ipoe. Piga honi kabla ya kona usiyoiona mwisho wake, hata kama umeipita maisha yako yote. Kanuni inasema anayeshuka ampishe anayepanda. Ni kanuni nzuri, lakini ukikutana na lori la kabichi na karoti linaloteremka kuwahi soko la Dar es Salaam, limejaa mpaka juu ya bomba, mpishe wewe. Dereva wake hana uwezo wa kusimama pale unapotaka asimame. Msikilizeni mtu ambaye amekwisha kusaidia kuokota karoti na watu kwenye korongo lile.

Na mgeni aliyekaa nyuma, mwangalie kwenye kioo. Ukimwona ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, amenyamaza ghafla, na midomo imemkauka, kichefuchefu kimemshika muda mrefu, ila anaona aibu kusema. Tafuta mahali papana, usisimame kwenye kona, mteremshe apate hewa. Mpe tangawizi atafune. Usimcheke na usiwaache wenzake wamcheke. Dakika tano hizo hazitakuharibia ratiba, na kama zinaiharibu, basi ratiba yenyewe ilikuwa mbovu.

Katikati ya njia mtafika Soni, na maporomoko yake yako pale pale karibu na barabara, mji mdogo uko juu yake. Hapa ndipo ninapoona kazi ikifanywa kwa haraka kuliko pote. Mlango wa gari unafunguliwa, picha, mlango unafungwa. Mgeni anarudi kwao na picha ya maji ambayo angeweza kuipata popote duniani.

Mwambieni maji yale yanatoka wapi. Yametoka kwenye misitu ya juu, yakapita kwenye mifereji ya watu wanaomwagilia hoho, nyanya na kabichi, yakafuliwa nguo, yakachotwa kwa ndoo, na yaliyobaki ndiyo yanayoanguka hapa. Wakati wa kiangazi maporomoko yanakonda, na nimewasikia baadhi yenu mkimwomba mgeni radhi kana kwamba mmemuuzia kitu kibovu. Msiombe radhi. Mwonyesheni lori lile mlilopishana nalo njiani: maji yaliyopungua hapa yako ndani ya zile kabichi. Mgeni akilielewa hilo ameielewa Usambara kwa robo saa, na hatasahau.

Sasa usalama, na hapa ninawasihi. Jiwe la maporomoko lina utelezi hata lionekanapo kavu, kwa sababu manyunyu ya maji yanalilowesha usiku na mchana na mwani mwembamba umelishika. Mgeni asipande juu ya jiwe kwa ajili ya picha, hata akikasirika. Mvua inaweza kunyesha kule juu, nyinyi mkiwa juani. Litazameni maji: yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, na majani na vijiti vikaanza kupita kwa wingi, toeni watu wote mtoni wakati huo huo, kabla hamjaona kina kuongezeka. Mkisubiri kuona kina, mmechelewa.

Na kabla ya kuwashusha kwenye njia ya miguu, muulizeni mwenye shamba. Njia nyingi za kwenda kwenye maji ni mipaka ya mashamba ya watu. Wageni wanaotaka kuoga, waambieni mapema kwamba mama zetu wako pale wanafua na watoto wao, na kwamba sehemu kubwa ya watu wa huku ni Waislamu. Wavae nguo za kusitiri. Hakuna mgeni mwenye adabu aliyewahi kulikataa neno hilo akiambiwa kwa upole kabla hajatoka kwenye gari. Wanaokasirika ni wale wanaoambiwa mbele ya watu, wakiwa wamekwisha kuvua.

Kutoka Soni mnaingia njia ya Sakharani kwa watawa Wabenediktini, na hapa nataka mnisikilize zaidi, kwa sababu ndipo mahali ambapo kiongozi wa wageni anajulikana kama amelelewa au la.

Kwanza semeni historia yake yote. Jina la Sakharani limetokana na jina la utani la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani aliyepigana na Wahehe wa Mkwawa, kisha akaja kuwa na shamba huku Usambara. Aliuawa Novemba 1914 katika vita vya Tanga, Waingereza walipoleta jeshi lao kutoka India wakashindwa. Baadaye ardhi ikawa ya watawa. Leo kuna mizabibu na miti ya makadamia, bustani zimepangwa, kengele inalia. Mgeni akiona uzuri ule bila kujua kwamba ardhi imepita mikononi mwa askari wa mkoloni, na kabla yake ilikuwa na Wasambaa, mmemdanganya kwa kunyamaza. Nimewahi kuwasikia baadhi yenu mkieleza kama vile mahali palianzia kwenye mizabibu. Hapana.

Kisha fahamuni nyumba yenyewe inaendaje. Benedikto, aliyeishi Italia karne ya 6, aliwaandikia watawa wake Kanuni, na sura ya 53 inahusu wageni. Inaamuru kwamba kila mgeni apokewe kama vile ni Kristo mwenyewe amekuja. Ndiyo maana mtapokewa vizuri, ndiyo maana kuna vyumba vya wageni. Lakini sura hiyo hiyo mwishoni inasema mtawa ambaye hakupewa kazi ya wageni asizungumze nao bila ruhusa. Akikutana nao awasalimie kwa unyenyekevu apite. Waelezeni wageni wenu jambo hili kabla ya lango. Nimeona wazungu, na Waswahili wenzetu kutoka mjini pia, wakinung'unika kwamba bruda fulani ana kiburi, amewapita shambani akatikisa kichwa tu. Yule hakuwa na kiburi. Alikuwa anaitii Kanuni yake, na salamu ile ya kichwa ndiyo heshima aliyoruhusiwa kuitoa.

Pigeni simu kabla. Msifike kwa kushtukiza na watu 12 saa moja jioni mkitaraji wali. Watawa wanaishi kwa saa: wana sala za alfajiri, za mchana, Masifu ya Jioni, na sala kabla ya kulala, na katikati wana kazi za shamba kama mkulima mwingine yeyote. Mkifika wakati kengele inagonga, zimeni muziki wa gari, na injini pia. Kaeni mpaka wamalize. Mgeni akitaka kuingia kanisani kusikiliza wanavyoimba, aingie mapema, akae benchi la nyuma, simu iwe mfukoni. Kumpiga picha mtu anayesali ni kumwibia, hata kama mlango uko wazi.

Mimi ni Mwislamu. Vijana wenzangu katika dini mnaniuliza kama inafaa kuwapeleka watu monasteri. Nawajibu kwa yale niliyoyaona. Magharibi moja nilikuwa uani pale nikitafuta mahali pa kuswali, bruda mzee akaniona nikitazama huku na huku akaelewa bila kuambiwa. Akanifungulia chumba kidogo, akatoa mkeka, akanyoosha mkono kaskazini kunionyesha upande wa kibla, kisha akarudi kwenye sala zake. Watu wawili tulikuwa tunamwomba Mungu kwa wakati mmoja chini ya paa moja, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Mpelekeni mgeni kwa heshima, nanyi mtaheshimiwa. Anayetaka divai yao atanunua, asiyetaka atanunua makadamia, na bei wanayotaja ilipeni bila kuvutana, kwa sababu fedha ile inalipa vibarua wa vijiji vya jirani.

Yapo maswali msiyoyaruhusu yaulizwe hadharani. Kwa nini hukuoa? Je, hujutii? Mgeni anaweza kuwa na nia njema, lakini mtu hafungui kifua chake kwenye ziara ya saa moja. Mwambie mgeni aulize habari za zabibu, za kengele, za ratiba ya siku. Mtawa akipenda, atayafikisha mwenyewe mazungumzo mpaka kwenye swali lile kubwa.

Kwa wale mnaotembeza watu kwa miguu mpaka Rangwi na kulala kwa masista, hayo hayo yawaongoze, na moja zaidi: mnafika mmechoka na matope mpaka magotini. Vueni viatu nje. Masista wamekwisha kufagia.

Na ugeni wa msikitini una adabu zake vilevile. Ijumaa mchana msiwaingize wageni katikati ya soko la Lushoto wakati watu wanakwenda kuswali kisha mkashangaa kwamba hakuna wa kuwahudumia. Mwezi wa Ramadhani wageni wapate chakula chao ndani ya gari au kwenye hoteli. Hakuna atakayewafukuza wakila barabarani, na hiyo ndiyo sababu ya kutofanya hivyo.

Sasa Vuga. Wengi wenu mnapita njia panda ya Vuga bila kuingia, mnasema hakuna cha kuona. Ni kweli hakuna ngome wala jumba la makumbusho. Lakini hapo ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Kilindi, na kama hamwezi kumsimulia mgeni habari za Mbegha, basi hamjui mnamtembeza wapi.

Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Masimulizi yanasema alikuwa kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota, na ndugu zake wakamwona ni mkosi katika ukoo. Akakimbia porini na mbwa wake. Huku mlimani nguruwe pori walikuwa wanamaliza mashamba ya watu. Mbegha akawawinda. Nyama hakula peke yake, aliwapa wenyeji, nao wakampa chakula cha shambani ambacho mwindaji hana. Kijiji baada ya kijiji kikamwita. Akaua simba. Watu wakamkalisha Vuga awe mtawala, na ukoo wake ukatawala mpaka wakati wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye katika karne ya 19 mamlaka yake yalishuka mpaka pwani, na ambaye mmisionari Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848. Baada ya Kimweri, wanawe na wajukuu walipigana, mmoja wao, Semboja, akiwa chini Mazinde kwenye njia ya misafara, na watu wengi waliuzwa utumwani. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyaandika haya kwa Kiswahili katika *Habari za Wakilindi*, kitabu kilicho katika maktaba zetu. Someni kabla ya kusoma vitabu vya watalii.

Ninawaomba msimulie habari hii kwa sababu ya jambo moja ndani yake. Mbegha alikuja akiwa mgeni asiyejulikana, na alichokifanya kwanza kilikuwa kuangalia wenyeji wana shida gani. Hakuuliza mahali pazuri pa kutazama ni wapi. Simulieni pia zile sehemu chungu, za utumwa na za ndugu kuuana. Mgeni mtu mzima anastahili kuambiwa ukweli, na watoto wenu mnaowafundisha kazi wanasikiliza pia.

Lushoto mjini sitawachosha: soko, nyumba za zamani, vyakula vya moto, basi. Nendeni Irente. Pale ukingoni dunia inakatika. Chini unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Wageni wakishusha pumzi hapo, nyamazeni. Maelezo yangoje. Ila mkono wako mmoja uwe karibu na yule anayerudi nyumanyuma huku akijipiga picha, kwa maana ukingo ule hauna uzio kila mahali. Kisha wapelekeni shamba la Irente la Walutheri wakale mkate, jibini na jemu za pale; vinatengenezwa hapo hapo.

Njiani kuelekea Irente na Magamba mtakutana na watoto wenye kinyonga juu ya kijiti. Mgeni anafurahi, anatoa shilingi, anapiga picha. Mimi nawakataza, na nitawaambia kwa nini. Kinyonga yule ametolewa msituni asubuhi, amekaa juani mchana kutwa akipitishwa mkono hadi mkono, na baadhi ya vinyonga wa milima hii hawapatikani popote pengine duniani. Mtoto naye yuko barabarani saa za shule. Shilingi mliyompa imemfundisha kwamba barabara inalipa kuliko darasa. Msimfokee, ni mtoto, na nyumbani huenda hakuna kitu. Msalimieni, muulizeni anasoma darasa la ngapi, mwambieni amrudishe mnyama mtini alikomtoa. Mgeni akitaka kusaidia, mwalimu mkuu yupo, shule ina daftari la michango. Vivyo hivyo kwa pipi zinazorushwa dirishani. Mtoto anayekimbilia gari linalotembea anaweza kuangukia chini ya gurudumu. Mbali na hayo, hakuna mzazi kati yenu ambaye angependa mwanawe arushiwe chakula.

Mkipita kwenye msitu wa Magamba, waonyesheni wageni mbega kama wamejitokeza, na semeni habari za lile ua dogo la zambarau linalokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Asili yake ni milima hii. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa eneo hili, alipeleka mbegu kwao, na mmea ukapewa jina lake. Mabibi zetu walilipita ua hilo wakienda kuchanja kuni, karne kwa karne. Nimemwona bibi wa Kizungu akilia alipoliona kwenye mwamba wa kwetu, kwa kuwa marehemu mama yake alikuwa nalo jikoni.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ya haraka: matuta. Mkienda Mlalo mtapita kwenye miteremko iliyolimwa mpaka juu kabisa, mgeni atauliza kwa nini watu wanalima mahali pa mwinuko namna hiyo, na kijana asiyejua atajibu kwamba ni ujinga wa wakulima. Msijibu hivyo hata siku moja. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wake Mlalo, kisha ikaueneza Usambara, wa kuwalazimisha watu kulima kwa matuta ili udongo usioshwe na mvua. Udongo ulikuwa unaoshwa kweli. Lakini kazi ilikuwa ya shurti, faini na kifungo vilifuata, na mzigo mkubwa uliangukia wanawake, ambao ndio walioshika jembe. Watu walikataa, wakaendelea kukataa, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Miaka ya baadaye watu wa milima hii hii wamepanda majani ya malisho na miti kwenye kontua kwa hiari yao, walipoona faida iko mikononi mwao. Ukimweleza mgeni haya, hatauona tena mteremko kama mchoro mzuri. Atauliza nani analima, na ardhi ni ya nani, na mtoto wa mwisho atarithi nini. Hayo ndiyo maswali ya kweli ya milima hii, nami ninatamani yaulizwe zaidi.

Mtae iko mwisho wa safu, mwendo mrefu kutoka Lushoto, kijiji kimekaa juu ya ukingo kwa namna kwamba unaweza kuitazama nyika upande mmoja na mabonde upande wa pili. Siku ya anga safi Kilimanjaro inaonekana. Njia ya kwenda huko ni mbaya masika, na udongo huporomoka. Mkiambiwa na dereva wa basi la kijiji kwamba njia haipitiki, haipitiki. Gari lake ni bovu kuliko lenu, lakini yeye analala Mtae.

Na sasa nimefika kwenye ratiba. Tajiri mmoja wa mjini aliwahi kunipa karatasi: Soni, Sakharani, Irente, Magamba na Mtae, siku moja, kurudi Mombo jioni. Nilimweleza haiwezekani, akasema wageni wamelipa. Tulikwenda. Walilala ndani ya gari kutoka Magamba, na Mtae waliiona kwa taa za mbele. Waliporudi kwao waliandika nini, sijui, lakini walilipa fedha nyingi kwa kulala kwenye kiti. Kijana, ukipewa karatasi ya namna hiyo, kataa sehemu yake, na kama utafukuzwa, ufukuzwe. Kulala mara mbili ndio uchache. Mara tatu ndio heshima. Mgeni anayelala kijijini anakula makande ya mtu fulani, anawasha jiko la mtu fulani, anamlipa kijana wa kubeba mzigo, na asubuhi anaitwa jina lake. Anayepita anaacha vumbi.

Hesabu fedha zinakwenda wapi. Ukishalipa mafuta, gari na kampuni, ni kiasi gani kimebaki mlimani? Kama ni soda mbili na tiketi ya kuingilia, jiulize kwa nini watu wa kijiji wangeendelea kuwafungulieni njia. Mwongozaji wa hapo kijijini mchukueni hata kama nyinyi mnaijua njia. Anajua ni nani amefiwa wiki hii, na kwamba leo msipige kelele mtaa ule. Simu zenu hazina habari hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kundi lenu la kwanza la mwezi wa Juni, pandeni bila wageni. Msije kwa gari la kampuni. Pandeni basi kutoka Mombo, kaeni dirishani upande wa korongo. Teremkeni Soni, mwende kwa mwenyekiti wa kitongoji mkamwamkie na kumwambia nyinyi ni watoto wa nani. Ombeni njia ya maporomoko kwa mwenye shamba, mkubaliane kitakachotolewa kila kundi likipita, na mwandikiane. Nendeni Sakharani mkamwulize bruda wa wageni saa zao za sala na saa asizotaka magari, mziandike kwenye daftari lenu. Rangwi mwulizeni sista siku gani wana mafungo. Vuga tafuteni mzee wa kuwasimulia, mpelekeeni sukari na sabuni. Mkimaliza mzunguko huo na bado mnaitaka kazi hii, njooni kwangu hapa Soni, nyuma ya soko, mkaulize mzee dereva wa zamani, watawaonyesha mlango. Njooni asubuhi, kabla jua halijapanda, tuitazame ratiba yenu pamoja, kituo kwa kituo.